Nani Alilipa Karo Yangu?

Nafanya zamu za usiku, kwa hiyo barua hunikuta nimelala. Ile ya koleji ilikaa sandukuni siku nne kabla sijaifungua, maana nilidhani ni bili. Ndani mlikuwa na karatasi moja yenye visanduku vya namba, juu imeandikwa 1098-T. Sasa najua ni fomu ya kodi ambayo koleji huonyesha karo iliyopokea na ruzuku iliyokuja kwa jina lako. Kwa kuwa haikudai kitu, niliibana kwa sumaku kwenye friji, juu ya kuponi za pizza. Hiyo ilikuwa Januari 2024. Karatasi ile ilikuwa mlango wa dola 2,500, nami niliiacha pale wiki tano nzima inakula mvuke wa maharagwe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi ni mhasibu. Au tuseme nilikuwa. Nimezaliwa Kisauni, Mombasa, nikamaliza diploma ya uhasibu mwaka 2009, kisha nikakaa miaka kumi na ushei nikiandaa hati za mizigo kwa wakala wa forodha pale Kilindini. Halafu ikaniangukia bahati nasibu ya grini kadi, na Januari 2022 nikashuka Minnesota nimevaa koti la kuazima. Nikafikia Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, mtaa ambao ukitoka nje unasikia Kiswahili cha Wakenya na Kiingereza cha Waliberia kabla hujamwona Mzungu. Kila mtu aliniambia jambo lile lile: kasomee CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, uingie nyumba ya wazee, mengine yatafuata. Nikasoma, nikaingia. Mwaka mmoja baadaye, nikiwa na miaka thelathini na tano na mgongo unaouma kwa kuwageuza wagonjwa kitandani, nikarudi darasani kwenye koleji ya jamii kusomea uuguzi. Wanafunzi wenzangu walikuwa wakiniita mama.

Kwetu nilizoea ritani ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, tarehe ya mwisho 30 Juni, na nawajua watu chungu nzima ambao kila mwaka wanajaza ya sifuri ili wapumue tu. Kwamba serikali inaweza kukurudishia pesa kwa sababu umekwenda shule, hilo halikuwemo kabisa kichwani mwangu.

Basi kuna nafuu mbili za kodi kwa ajili ya masomo katika sheria za Marekani, na mwenye kurudi koleji ukubwani inabidi ajue ipi ni ipi. Nikisema nafuu ya kodi sisemi makato. Makato yanapunguza kipato kinachotozwa. Nafuu inafuta kodi yenyewe: ukiwa na nafuu ya dola mia tano, dola mia tano za kodi zimekwenda.

Ya kwanza inaitwa American Opportunity. Ilianza 2009 kama hatua ya muda wakati wa mdororo wa uchumi, na sheria ya 2015 ikaifanya ya kudumu. Inakupa dola 2,000 za kwanza za gharama zako zote, halafu robo ya dola 2,000 zinazofuata, kwa hiyo ukifikisha gharama za 4,000 unapata 2,500. Utamu wake uko hapa: asilimia 40 ya hiyo nafuu, yaani hadi dola 1,000, unapewa mkononi hata kama huna kodi ya kufuta. Lakini ina masharti. Uwe unasomea digrii au cheti kinachotambulika, uwe umebeba angalau nusu ya mzigo wa masomo kwa muhula mmoja ulioanza mwaka huo, uwe hujamaliza miaka minne ya kwanza ya elimu ya juu, na uwe hujaidai tayari mara nne maishani. Kuna na sharti la kutokuwa na hatia ya jinai kubwa ya dawa za kulevya.

Ya pili ni Lifetime Learning. Hii ni ya watu wazima hasa. Haina kikomo cha miaka, huhitaji kusomea digrii, hata darasa moja la jioni la kuboresha kazi yako linatosha. Ila ni chache zaidi: asilimia 20 ya gharama hadi dola 10,000, yaani kiwango cha juu 2,000 kwa ritani nzima hata kama mko wanafunzi watatu nyumbani. Na haitoki mkononi. Kodi yako ikiisha, nayo imeishia hapo.

Zote mbili zinaanza kupungua kipato cha mtu asiye na ndoa kikifika 80,000 na zinakwisha kwenye 90,000. Kwa wanandoa wanaojaza pamoja ni 160,000 na 180,000. Wanandoa wanaojaza kila mtu kivyake hawapati yoyote. Na huwezi kudai zote mbili kwa mwanafunzi mmoja mwaka mmoja.

Haya yote sikuyajua siku nilipoitoa karatasi kwenye friji nikaipeleka kwa mwenzetu mmoja anayefanya kodi nyuma ya duka la vyakula. Ni mtu mpole, anakukaribisha chai ya maziwa. Akaivuta karatasi, akaweka kidole kwenye kisanduku cha 1, kisha cha 5.

"Dada, koleji imepokea 5,200. Serikali imekupa 4,600. Ukitoa unabaki na 600. Hiyo ndiyo uliyolipa wewe, na hiyo ndiyo nafuu yako."

"Sawa kaka," nikasema. Ilikuwa hesabu ya darasa la tatu, ningebishaje? Nikamlipa 250 zake, rifandi ikaingia, nikasahau.

Zile 4,600 zilikuwa ruzuku ya Pell, pesa ambazo serikali kuu huwapa wanafunzi wa kipato kidogo wasio na digrii ya kwanza. Hapa pana jambo ambalo wageni wengi hawalioni. Ukijaza FAFSA, maombi ya msaada wa masomo wa serikali kuu, wanatazama kipato chako cha miaka miwili nyuma. Mimi nilipoanza 2023 walikuwa wanatazama mshahara wangu wa Mombasa, ambao ukiugeuza dola unatia huruma. Ndiyo maana Pell ilikuwa nono. Na zile 600 zilizobaki? Mia mbili zilikuwa zangu. Mia nne alinitumia mjomba wangu wa Maskati, ambaye ameishi Oman tangu mimi sijazaliwa na hajawahi kuona theluji ila kwenye simu.

Wiki ya kwanza ya Aprili nikamsindikiza mama mmoja wa Bukavu, tunafanya naye kazi, kwenda maktaba ya mtaa kufanyiwa kodi bure. Huo ni mpango wa VITA, ambao IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inauendesha kwa watu wa kujitolea tangu 1969, kwa ajili ya wenye kipato cha chini. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Tulimkuta bibi mmoja wa Kizungu, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, miwani imening'inia shingoni. Alipomaliza na mama yule akanitazama sare yangu akauliza kama nami nasoma. Nikamwambia, na kwa kujisifu kidogo nikamwonyesha ritani yangu kwenye simu, nikitarajia anipongeze.

Akaisoma kimya. Halafu akauliza, "Vitabu viko wapi?"

Sikuelewa. Vitabu viko nyumbani, viko wapi tena? Kumbe kwa nafuu ya American Opportunity vitabu na vifaa vinavyohitajika darasani vinahesabiwa, hata kama hukuvinunua dukani pa koleji, hata kama ulinunua vilivyotumika kwa mtu. Karatasi ya 1098-T haivijui, kwa sababu koleji haikuvipokea pesa. Mimi nilikuwa nimetumia dola 700: kitabu cha anatomia kizito kama tofali, msimbo wa kuingilia mazoezi ya mtandaoni, stethoskopu. Risiti nilikuwa nazo, hiyo ni tabia ya Kilindini, situpi karatasi. Basi gharama zangu zikawa 5,900, na ukitoa Pell zinabaki 1,300. Nafuu imetoka 600 hadi 1,300 kwa swali moja.

Mara akaja na la pili, na hilo ndilo lililonifanya nivute kiti. "Na Pell, uliitumia kufanyia nini?"

Nikamwambia sikuitumia kwa lolote, ilikwenda moja kwa moja koleji, mimi hata kuiona sikuiona. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba ruzuku ya Pell, kwa masharti yake yenyewe, inaruhusiwa kulipia karo na pia kulipia maisha: kodi ya nyumba, chakula, nauli. Kwa hiyo sheria ya kodi inakupa wewe mwanafunzi nafasi ya kuchagua upande gani uihesabie, hata kama koleji iliichukua yote kwenye karo. Sehemu unayosema imekwenda kwenye karo haitozwi kodi, lakini inakula gharama zako. Sehemu unayosema imekwenda kwenye maisha inakuwa kipato chako, unaitangaza na kuilipia kodi, na gharama zako za karo zinabaki huru kudai nafuu.

Nikakaa kimya. Mimi niende mwenyewe kwa mtoza ushuru nimwambie, "Tafadhali, kipato changu ni kikubwa kuliko ulivyoandika"? Lakini kadiri nilivyolifikiria ndivyo lilivyozidi kufanana na kazi yangu ya zamani. Bandarini, mzigo mmoja unaweza kuingia kwenye vifungu viwili vya ushuru kihalali kabisa, na kazi ya wakala ni kujua kipi kinamfaa mwenye mali. Kuna kuchagua kifungu na kuna kudanganya, na mtu wa forodha anaujua mpaka baina ya mawili hayo usingizini.

Akachukua karatasi, tukapiga hesabu kwa penseli. Mwaka 2023 nilikuwa nimepata dola 33,000, zamu tatu za saa kumi na mbili kila wikendi. Ukiondoa makato ya kawaida ya mwaka ule, 13,850, zilibaki 19,150 za kutozwa, na kodi yake ilikuwa 2,078. Sasa tukahamisha dola 2,700 za Pell kutoka upande wa karo kwenda upande wa maisha. Kodi ya nyumba peke yake ilikuwa mara kadhaa ya hizo, kwa hiyo hatukuwa tunasema uongo. Kwenye karo zikabaki 1,900 za Pell. Gharama 5,900 ukitoa 1,900 unapata 4,000 barabara. Nafuu kamili, 2,500. Kodi yangu ikapanda, ndiyo, kwa 324, ikafika 2,402. Nafuu ikaifuta 1,500 kati ya hizo, na ile 1,000 ya mkononi ikaja juu.

Kwa ritani ya kwanza, baada ya nafuu ya 600, nilikuwa nimebakiwa na kodi ya 1,478. Kwa hii mpya, mimi ndiye niliyekuwa naidai serikali: 98 zilikuwa zangu. Tofauti ni dola 1,576. Jimbo la Minnesota nalo linatoza kipato, kwa hiyo zile 2,700 zilinipa bili ndogo ya jimbo, 144. Nikailipa nikicheka.

Marekebisho hujazwa kwa fomu ya 1040-X, na una miaka mitatu tangu ulipojaza ritani ya awali. Hiyo miaka mitatu ndiyo sababu hasa ya kuandika haya yote, maana najua kuna mtu anasoma hapa ana 1098-T ya mwaka juzi kwenye droo. Yangu ilichukua wiki kumi na nne. Pesa zikaenda kwenye mabati ya nyumba ya mama Kisauni na matairi ya baridi ya gari langu, kwa mpangilio huo huo.

Yule kaka wa chai ya maziwa sina chuki naye. Alisoma kilichoandikwa. Tatizo ni kwamba kile kisanduku cha 1 na kile cha 5 vinasema pesa zilipita wapi, wakati fomu ya nafuu, ile 8863, inauliza nani alilipa, na jibu la swali hilo halimo kwenye karatasi yoyote ya koleji. Mtayarishaji asiyekuuliza vitabu, asiyekuuliza ruzuku, asiyekuuliza uliwahi kuidai mara ngapi, huyo anakuchapia tu. Na mbaya zaidi ni yule wa upande wa pili, anayekuwekea 2,500 bila kukuuliza kitu. IRS ikigundua ulidai kwa uzembe mkubwa au kwa kupuuza sheria makusudi inakufungia nafuu hiyo miaka miwili. Ikiwa ni udanganyifu, kumi. Mwenye kusaini ni wewe, hata kama aliyejaza alikuwa mwingine na ameshahama mtaa.

Mwenye watoto asiige hesabu yangu hivi hivi. Ukiongeza kipato cha Pell kwenye ritani unaweza kupunguza ile nafuu ya wafanyakazi wa kipato kidogo, na bima ya afya ya jimbo nayo inatazama kipato. Kwako huenda kiasi cha kuhamisha kikawa 1,000, au sifuri. Piga hesabu mara mbili, ya kuhamisha na ya kutohamisha, uone ipi inakuachia zaidi. Na si kila ruzuku inahamishika. Kama barua ya ufadhili inasema ni ya karo tu, ni ya karo tu.

Swali la nani alilipa lina majibu ya ajabu mengine. Mkopo wa masomo, kwa mfano: ukikopa ukalipa karo, umelipa wewe, na mwaka wa kudai ni ule koleji ilipolipwa, si ule utakaomaliza deni. Zile mia nne za mjomba wa Maskati pia ni zangu. Sheria inasema mtu mwingine akimlipia mwanafunzi, hata akipeleka pesa koleji moja kwa moja, huhesabiwa kwamba mwanafunzi alipokea zawadi kisha akalipa mwenyewe. Nilipolisoma hilo kwenye kijitabu cha 970 cha IRS nikacheka peke yangu, maana sisi tunaosomeshwa kwa michango tumekuwa tukiambiwa maisha yetu yote kwamba karo ile si yetu, ni ya ukoo.

Lakini likija suala la mzazi na mtoto, sheria inageuka. Binamu yangu ana kijana wa miaka kumi na tisa koleji, anaishi kwake, anakula kwake. Kijana anafanya kazi ghalani jioni na karo alilipa mwenyewe, jambo ambalo mama yake alilitangaza kanisani. Februari akajaza kodi kwenye simu, akaweka alama kwamba hakuna mtu anayeweza kumdai kama tegemezi, akadai nafuu. Mama alipojaza ya kwake ikakataliwa na mfumo. Kelele zilizotokea nyumba ile sizisemi. Ukweli ni kwamba, mtoto akiwa tegemezi wa mzazi, anayedai nafuu ni mzazi, hata kama kila senti ilitoka mfukoni mwa mtoto. Machoni pa fomu, mama ndiye aliyelipa. Kijana ikabidi arekebishe ritani yake na kurudisha, na mama akampa nusu. Nusu, baada ya mjadala.

Na mie nina donda langu. Yale mafunzo ya CNA ya 2022 niliyalipia mwenyewe, kwa pesa nilizokuja nazo, kwenye shule ndogo ya binafsi juu ya duka la simu. Hayo ndiyo masomo pekee ambayo hakuna anayeweza kubisha nani alilipa, na hayo ndiyo hayakunipa hata senti. Nafuu zote mbili zinataka taasisi iwe na sifa ya kushiriki kwenye misaada ya wanafunzi ya Wizara ya Elimu ya Marekani, na shule zile ndogo nyingi hazina. Njia rahisi ya kujua ni kuiuliza shule kabla hujalipa: je, mna namba ya shule ya FAFSA? Wakianza kukueleza habari za bei nafuu na vyeti vya haraka, umeshajibiwa. Koleji ya jamii maili nne kutoka pale ilikuwa na mafunzo hayo hayo.

Kwa wenzangu waliokuja na digrii za nyumbani, sharti la miaka minne linawachanganya. Linalotazamwa ni miaka mingapi ya krediti ambayo koleji unayosoma sasa imekutambulia kwa masomo ya nyuma, kabla mwaka wa kodi haujaanza. Diploma yangu ya Mombasa ilitambuliwa kwa krediti 24, yaani mwaka mmoja hivi, kwa hiyo nilikuwa bado ndani. Kaka mmoja wa Lubumbashi tunayefanya naye zamu ametambuliwa miaka yote minne. Yeye American Opportunity imempita, lakini alichukua darasa moja la jioni la kupanga bili za hospitali, karo 1,500, na Lifetime Learning ikamfutia 300. Vitabu vyake havikuhesabiwa, kwa kuwa huko vinahesabiwa tu kama koleji inakulazimisha kuwalipa wao ndipo uandikishwe.

Jambo jingine, kwa haraka: kuanzia mwaka wa kodi wa 2026, sheria iliyotiwa saini Julai 2025 inataka namba ya Social Security kwa nafuu hizi. Wanaotumia ITIN, namba ya kodi ya wasioweza kupata ile ya Social Security, walikuwa wakiruhusiwa, sasa mlango huo umefungwa. Najua nyumba ambazo habari hii itaumiza.

Mimi nimeshatumia mara tatu: 2023, 2024, 2025. Kila mwaka karatasi ilizidi kuwa nyepesi kusoma, maana FAFSA ilipoacha kuona mshahara wa Mombasa na kuanza kuona wa Minnesota, Pell ilisinyaa mpaka ikatoweka. Mwaka 2025 karo ilikuwa 4,800, na kisanduku cha 5 kilikuwa kitupu. Hakuna cha kuhamisha, hakuna penseli. Nafuu 2,500, dakika kumi. Ningependelea ile hesabu ngumu.

Nilimaliza uuguzi wa miaka miwili Desemba hiyo hiyo, na Januari nilikuwa naanza chuo kikuu kutafuta digrii kamili. Bili yao ya kwanza ilitoka tarehe 9 Desemba, na mwisho wa kulipa ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari. Kwa kawaida bili kwangu hailali. Lakini karo ya muhula unaoanza miezi mitatu ya mwanzo wa mwaka, ukiilipa Desemba, inahesabiwa mwaka wa Desemba. Gharama zangu za 2025 zilikuwa zimeshapita 4,000, hata ningeongeza elfu kumi zisingenipa dola moja ya ziada. Mara ya nne na ya mwisho nilitaka niianze 2026 nikiwa na bili hiyo mkononi.

Mjomba alinipigia simu siku ile ile, nyuma yake nasikia adhana na mtu anabishana bei. Alikuwa ametenga kitu kidogo cha shule yangu, kama kawaida yake, akauliza atume lini.

"Subiri mwaka mpya uingie, mjomba. Tarehe mbili ndiyo nzuri."

Akanyamaza, nikadhani simu imekatika. "Mwanangu," akasema, "pesa yangu mimi nayo siku hizi inafuata kalenda ya Marekani?"